Watoto wa Ruwa na Uzito wa Ushahidi Wao

Miongoni mwa madai ya kuonekana kwa viumbe kutoka nje ya dunia yaliyowahi kutolewa barani Afrika, ni machache sana yaliyojadiliwa kama lile la Shule ya Msingi ya Ariel, iliyoko Ruwa, mji mdogo ulio kilomita 20 hivi mashariki mwa Harare, nchini Zimbabwe. Wanafunzi 62, wenye umri wa kati ya miaka 6 na 12, walieleza kwamba mnamo tarehe 16 Septemba 1994, wakati wa mapumziko ya asubuhi, waliona chombo kimoja au zaidi chenye rangi ya fedha kikitua katika kichaka kilichopakana na uwanja wao, na kwamba karibu na chombo hicho alionekana kiumbe mfupi mmoja au zaidi, aliyevaa nguo nyeusi za kubana na mwenye macho makubwa kupita ya binadamu. Walimu walikuwa katika kikao, na mtu mzima aliyekuwa karibu, mama aliyesimamia duka dogo la shule, hakuliacha duka lake ili akaangalie, kwa hiyo habari yote imebaki kusimama juu ya maneno ya watoto peke yao.

Maneno hayo hayakutolewa katika mazingira tulivu. Siku mbili kabla yake, usiku wa tarehe 14 Septemba, mwanga mkali ulikuwa umevuka anga la nchi za kusini mwa Afrika, na watu wengi wakaamini kwamba wameona chombo kigeni, ilhali kilichopita kilikuwa kipande cha roketi ya Zenit, iliyokuwa imerusha setilaiti ya Urusi iitwayo Kosmos 2290 mwezi uliotangulia, kikiungua kiliporudi duniani. Mazungumzo kuhusu wageni wa angani yalikuwa yameenea Zimbabwe hata kabla watoto hawajatoka darasani siku ile. Wanaotilia shaka wana haki ya kusisitiza jambo hili, ingawa mwanga wa usiku unaeleza tu kwa nini fikra za watu zilikuwa zimeelekea angani, nao hautoshi kueleza ni kitu gani kilichowafanya watoto wengi wakimbie wakilia saa nne ya asubuhi.

Tukio lilitokea siku ya Ijumaa. Tim Leach, mwandishi wa BBC, alifika shuleni Jumatatu, na Cynthia Hind, mtafiti wa vitu visivyotambulika angani ambaye tayari aliamini kwamba vyombo vya namna hiyo vipo, alifika Jumanne, baada ya watoto kukaa mwisho wa wiki mzima nyumbani na kuzungumza na wazazi, ndugu na wenzao. Hind alikuta michoro iliyochorwa na watoto kwa pendekezo lake mwenyewe, kisha akawahoji wakiwa katika makundi, hivi kwamba mtoto mmoja aliweza kusikia jibu la mwenzake kabla ya kutoa lake. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa kesi hii, kwa sababu mashahidi wengi huwa na nguvu pale tu kila mmoja anaposema bila kujua mwenzake amesema nini. Hata hivyo, michoro na maelezo ya mwanzo hayakufanana yote, na baadhi ya watoto walimfasiri kiumbe yule kwa imani za kwao, wakihofu kwamba ni tokoloshe au chikwambo, yaani viumbe wa kichawi wanaosemekana kuwadhuru watu.

Mwishoni mwa mwaka huo alikuja John Mack, profesa wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Harvard na mshindi wa tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1977, ambaye utafiti wake juu ya watu wanaodai kutekwa na viumbe wa angani ulikuwa umekifanya chuo chake kuunda kamati ya kuuchunguza. Mack aliwasikiliza watoto kwa upole na heshima, na heshima hiyo inastahili kusifiwa. Lakini ni katika mahojiano yake ndipo lilipojitokeza waziwazi dai kwamba viumbe wale waliwapelekea watoto, kwa njia ya mawazo, onyo juu ya uharibifu wa mazingira. Jambo zito kiasi hicho, likikosa nafasi katika maelezo ya siku za kwanza na kuonekana baada ya miezi, mbele ya mhoji aliyejali sana suala hilo, halina budi kupewa uzito mdogo kuliko habari za chombo na macho makubwa.

Baadhi ya wachambuzi wamelihusisha tukio hili na hali ya taharuki ya pamoja, ambamo hofu au dalili fulani husambaa katika kundi bila sababu ya kimwili. Afrika Mashariki ina mfano wake maarufu: kicheko kilichoanza mwaka 1962 katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, na kuenea hadi vijiji vya jirani. Ulinganisho huo una mipaka, kwani Kashasha dalili zilidumu na kuhama kwa miezi, wakati Ruwa kila kitu kilikwisha ndani ya dakika chache na hakikurudi tena.

Wengi wa mashahidi hao, sasa wakiwa watu wazima, wameshikilia maelezo yao, wakiwemo waliohojiwa katika filamu ya Randall Nickerson iliyotolewa mwaka 2022. Mmoja wa waliokuwa wanafunzi wakati huo alidai hadharani mwaka 2023 kwamba yeye ndiye aliyeanzisha uongo huo. Maelezo ya pande zote mbili yamepitia kumbukumbu ya takriban miongo mitatu, na kumbukumbu hujengwa upya kila inaposimuliwa, hata kwa msemaji mkweli kabisa. Kuwaita watoto wale waongo ni dhuluma isiyo na msingi, kwa kuwa mtu anaweza kusema kweli juu ya hofu yake na bado akakosea kuhusu kilichomtisha. Pengo zito zaidi linawahusu wanafunzi wengine wengi waliokuwa shuleni asubuhi ile ambao hawakuona chochote, kwani watafiti waliowahi kufika Ruwa waliwatafuta zaidi walioona, na kwa kutowapa wengine nafasi sawa ya kueleza walikuwa wamesimama wapi na walikuwa wakitazama nini, walipoteza njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuyapima madai ya wale 62.