Bisi ya mgodi: nani anapanda wa kwanza?

Saa tisa ya usiku, mama anawasha makala kwa kupasha maji. Papa anatafuta viatu vyake vya kazi katika giza, asiamshe watoto. Kisha kidogo, honi inalia kule barabarani: bisi njo inafika. Nani hapa Kolwezi hajui sauti ile? Mtu wa kituo cha kwanza anapanda wakati mwenzake wa kituo cha mwisho angali anakoroma. Na bisi ikirudi jioni kwa njia ileile, yeye tena njo anashuka wa mwisho.

Leo tuongee juu ya njia hiyo. Nani anaipanga, na anahesabu nini?

Inaonekana ni kazi ndogo. Lakini bisi ikiwa na vituo 10, kuko namna 3 628 800 za kuvifuatanisha. Ukiandika namna moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utamaliza kisha siku 42. Hata shofere wa miaka mingi hawezi kuapa kama njia yake ni fupi kupita zote.

Wenye hesabu wanahangaika na jambo hili tangu zamani. Mwaka 1959, kule Marekani, Dantzig na Ramser waliandika juu ya kaminyo zinazochukua esansi kwenye depo moja na kuigawa kwenye stesheni nyingi. Mwaka 1964, Clarke na Wright wa Uingereza walileta njia nyepesi, ambayo tunaweza kuijaribu kwa kalamu.

Tuseme kutoka mgodini mpaka kituo cha soko ni kilometa 6, mpaka kituo cha kanisa ni 7, na kati ya soko na kanisa ni 2. Ukituma bisi mbili, moja inafanya 12, ingine 14: jumla 26. Ukituma bisi moja ipitie vituo vyote viwili, ni 6 na 2 na 7: jumla 15. Umeokoa kilometa 11. Clarke na Wright wanasema: anza kuunganisha vituo vinavyookoa mingi, endelea hivyo mpaka bisi ijae. Leo ordinatere inafanya hesabu za namna hiyo kwa kitambo kidogo, na katika migodi ya wazi kuko programu zinazoelekeza kila kaminyo kwenye mashine ya kuipakia, zisipange foleni bure.

Sasa angalieni vizuri. Bisi ikianza soko ao ikianza kanisa, kilometa ni zilezile 15. Mazuti ni ileile. Lakini ikianza soko, watu wa soko wanabebwa kilometa 9, wa kanisa 7. Ikianza kanisa, watu wa kanisa wanabebwa 8, wa soko 6. Namna ya pili, watu wa soko wanabaki kitandani zaidi, wa kanisa wanaamka mapema kidogo tu, na kampuni haitoi hata franka moja!

Ordinatere haitaona hiyo kama haikuambiwa. Ukiiuliza mazuti, itakujibu mazuti. Usingizi wa papa hauandikwi kwenye pompi, basi ni rahisi kuusahau. Na mtu aliyelala saa nne ndiye huyo anapanda juu ya mashine nzito asubuhi.

Kwa hiyo, siku delege wa sindika anakaa na wakubwa juu ya usafiri, asiulize tu kama bisi ziko za kutosha. Aulize pia: mulihesabu nini? Mulihesabu wangapi wanapanda kila kituo, na kila mmoja anakaa ndani muda gani? Kama lazima kuwe wa kwanza, inawezekana kugeuza njia kila wiki, mzigo uzunguke?

Ni maulizo ya kawaida, yana majibu ya hesabu. Na mama anayewasha makala saa tisa ya usiku, naye ana haki ya kujua majibu.