Tangi la matumbawe nyumbani: Vifaa na chumvi vitangulie, samaki wafuate

MFANYABIASHARA anayepata oda ya tangi la samaki wa baharini kutoka Nairobi, Kampala au Kigali anaweza kushawishika kupakia kila kitu katika safari moja: kioo, pampu, maji ya bahari na samaki wenyewe. Hapo ndipo mtaji unapopotea. Samaki anaweza kufika mzima na kufa ndani ya wiki moja, kwa sababu tangi halikuwa tayari kumpokea.

Usisafirishe maji

Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 50 huchukua lita 200. Maji hayo ya bahari yana uzito wa kilo 205 hivi, na gharama ya kuyafikisha Kampala, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa, haina faida. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo kilo 7 tu za chumvi maalumu ya tangi zinatosha. Chumvi ya mezani haifai, kwani haina kalisi na magnesi ambazo matumbawe huhitaji.

Chumvi hiyo huchanganywa na maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO. Maji ya bomba huwa na klorini, na yakipita kwenye vifaa vya shaba huua kamba na matumbawe. Mteja akibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, atatumia gramu 700 za chumvi. Kwa muuzaji, hiyo ni biashara ya kudumu. Mweleze pia kwamba maji yaliyopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi yenyewe haitoki na mvuke.

Vifaa vya lazima

- Meza imara. Maji, kioo na mawe kwa pamoja huzidi kilo 250.
- Pampu za kusukuma maji. Matumbawe hayatembei, hivyo chakula na hewa huletwa na mkondo.
- Hita yenye kidhibiti. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27, na usiku wa Nairobi hushuka chini ya hapo.
- Kichujio cha povu, kinachotoa uchafu kabla haujaoza.
- Taa kali za LED. Matumbawe mengi hupata chakula kutoka kwa mwani mdogo unaoishi ndani yake, na mwani huo huhitaji mwanga.
- Kipima chumvi na dawa za kupimia maji.
- Pampu ya hewa ya betri, kwa ajili ya umeme unapokatika.

Wiki nne hadi sita za kusubiri

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati yenye madhara madogo. Bakteria hao hukua polepole juu ya mawe, na tangi jipya halina wa kutosha. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Ndani ya muda huo mteja aweke amonia kidogo au chakula kidogo cha samaki, kisha apime. Tangi likishaweza kumaliza amonia hiyo, na vipimo vya amonia na nitriti vyote vikasoma sifuri, ndipo aagize samaki wawili au watatu wa kwanza. Matumbawe yafuate baadaye.

Mpakani

Matumbawe magumu yote, pamoja na vipande vya mwamba wake, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Farasi wa baharini wamo humo pia tangu mwaka 2004. Kuyavusha kutoka Kenya kwenda Uganda bila kibali cha CITES ni kosa, hata kama ni kipande kimoja. Kibali hutolewa na nchi inayouza, kabla ya mzigo kuondoka. Ili kuepuka usumbufu, tumia mawe yaliyotengenezwa kiwandani. Samaki wa kawaida nao huhitaji kibali cha mamlaka ya uvuvi na cheti cha afya.

Fahamu pia kwamba pampu na taa zilizotengenezwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazipati nafuu ya cheti rahisi cha uasilia, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000.

Kwa msafirishaji, samaki hufungwa katika mifuko miwili ya plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi linalozuia joto. Wasilishwe siku moja au mbili kabla ya safari. Mfuko usifunguliwe njiani: hewa chafu ikitoka, amonia iliyomo ndani huwa sumu kali zaidi. Kwa hiyo nyaraka zitangulie kwa wakala wa forodha, na orodha ya idadi na aina ya samaki ibandikwe juu ya boksi ili afisa akague bila kufungua.

Muuzaji makini humwomba mteja matokeo ya vipimo vya maji kabla ya kupokea malipo ya samaki. Asiyekuwa nayo auziwe vifaa na chumvi, kisha asubiri.