Nyaya pacha au nyaya kinzani?

Wiki jana niliipeleka televisheni yangu kwa fundi mmoja katika kijiji cha Raila, Kibera. Picha ilionekana, ila nyuso za watu zilikuwa za kijani na mistari ilichezacheza kando ya kioo. Fundi wa mjini alikuwa ameniambia kioo kimekufa, ninunue kingine. Huyu wa Raila alifungua mgongo wa televisheni, akachomoa waya bapa, akapangusa ncha zake kwa spiriti, akaurudisha. Rangi zikarudi.

"Kioo iko sawa, mwalimu," akasema. "Ni hii waya ya LVDS ilikuwa imelegea."

Nilimwacha na 'hii waya' yake, ingawa darasani ningeshikilia 'waya huu' na 'nyaya hizi'. Kilichonikera ni zile herufi nne. Nilimuuliza kijana anayejifunza kazi pale kwa nini nyaya hizo zinakwenda mbili mbili. Akacheka. "Hiyo sijui. Mimi najua tu ikilegea unairudisha."

Kwa Kiswahili, herufi hizo zina maana ya upitishaji wa ishara kwa tofauti ndogo ya volteji. Teknolojia yenyewe ilisanifishwa katikati ya miaka ya 1990, kwa hivyo haingeweza kuwamo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka mwaka 1990. Lakini wazo lake si gumu. Badala ya kutuma ishara kwa waya mmoja, hutumwa kwa nyaya mbili: mmoja ukipanda, mwenziwe hushuka. Mkondo wa takriban miliampia 3.5 hupita katika ukinzani wa omu 100 ulioko upande wa kupokea, na kuzaa milivolti 350 hivi. Mkondo ukigeuzwa mwelekeo, 1 inakuwa 0. Mpokeaji hajali kila waya una volti ngapi. Anapima tofauti tu.

Faida yake? Fikiria watu wawili, mrefu na mfupi, wamesimama ndani ya matatu. Gari likirukia tuta, wote wawili hurushwa juu pamoja, lakini aliyekuwa mrefu kwa inchi tatu bado ni mrefu kwa inchi tatu. Ndivyo kelele za umeme kutoka kwa mota au simu zinavyozigonga nyaya zote mbili kwa pamoja, na tofauti ikabaki ile ile. Ndiyo sababu volteji ndogo kiasi hicho inatosha kubeba picha nzima.

Sasa tuziiteje? Wapo watakaopendekeza 'ishara tofautishi'. Siafiki. Kiambishi -ishi hapo kinadai kwamba ishara ndiyo inayotofautisha, ilhali kazi hiyo ni ya mpokeaji. Mafundi husema 'pea', neno linalotuambia idadi na kuishia hapo. 'Nyaya pacha' linavutia, nami nililipenda kwa siku mbili nzima, lakini pacha hufanana, na hizi daima huenda kinyume. Kwa maoni yangu 'jozi kinzani' ndilo linalobeba maana: ziko mbili, na zinapingana. Asiyewahi kuona saketi ataanza kuelewa kwa kulisikia tu.

Jumamosi nilirudi Raila kumlipa fundi salio lake, nikamweleza kijana habari ya jozi kinzani na ya matatu. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hivyo moja ikikatika, ile ingine haina wa kupimwa naye?"

"Haina."

"Na ule ukinzani wa mia uko huko kwa kioo?"

"Uko."

Akavuta televisheni ya mteja mwingine, akahakikisha haina umeme, akaweka ncha za mita kwenye jozi ya kwanza. "Mia," akasema. Ya pili, mia. Ya tatu, mita haikusema kitu.

"Fundi," akaita, "kuja uone hapa."