Skana Inaposhindwa Kuhifadhi Kwenye Folda ya Mtandao: Imekatalia Wapi?

Wiki ya kupeleka sampuli za skripti kwa mtahini wa nje huwa haina utani katika Idara yetu. Mtahini yuko Tanzania, sisi tuko Uganda, na tangu tulipoacha desturi ya kumpa abiria wa basi bahasha nene, kazi yote hupitia mashine moja iliyo katika ofisi ya katibu muhtasi. Mashine hiyo hunakili, huchapa na huskani. Ikishaskani, hutuma faili moja kwa moja kwenye folda iliyo ndani ya kompyuta ya katibu, nasi walimu tunaifungua folda hiyo kila mtu akiwa mezani kwake.

Muhula uliopita, Jumatatu asubuhi, katibu alitujia na maneno tunayoyajua sote: "Mwalimu, mashine imekataa." Skripti zilitakiwa kumfikia mtahini kabla ya Ijumaa. Bila ripoti yake bodi ya mitihani haiketi, na bodi isipoketi majina ya wanafunzi wa mwaka wa tatu hayaingii katika orodha ya wahitimu. Tumeona ni vyema tueleze yaliyotokea, kwa sababu tumekwisha kusikia kilio hicho hicho kutoka kwa wenzetu wa idara nyingine, na kwa sababu tulipoteza siku nzima kwa kutafuta mahali pasipohusika.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kiisimu, kama mtaturuhusu kusema hivyo. Tuliridhika na kitenzi "imekataa", ambacho hakitaji mahali. Tulibonyeza kitufe tena na tena, tukazima na kuwasha, mmoja wetu akaipigapiga ubavuni. Tungetumia kauli ya kutendea na kuuliza "imekatalia wapi?", tungeokoa muda mwingi. Safari ya karatasi kutoka kwenye kioo cha skana hadi kwenye folda ina vituo kadhaa: mashine husoma karatasi na kuitengenezea faili, huitafuta kompyuta kwenye mtandao, hukubaliana na kompyuta kuhusu namna ya kuzungumza, hujitambulisha kwa jina na neno la siri, ndipo huomba ruhusa ya kuandika ndani ya folda. Katika kila kituo panaweza kuzuka tatizo, lakini kwenye kioo kidogo cha mashine ujumbe huwa karibu ule ule: imeshindikana kutuma.

Kituo cha kwanza hukaguliwa kwa dakika moja. Kama mashine inanakili vizuri, basi kioo na kile kinachovuta karatasi ni vizima. Kama inachapa kazi inayotumwa kutoka kwenye kompyuta, basi kebo ya mtandao nayo inafanya kazi. Yetu ilifanya yote mawili. Hapo ndipo tulipopaswa kuacha kuipiga.

Jambo la pili la kuangalia ni muda, nalo tulifundishwa na fundi wa kompyuta wa Chuo. Baada ya kusoma karatasi, mashine huchukua muda gani kabla ya kutoa ujumbe wa kosa? Ikikaa kimya kwa nusu dakika au zaidi, aghalabu maana yake ni kwamba inabisha hodi na hakuna anayeitika: imekosa nyumba. Ikirudisha kosa papo hapo, maana yake ni kwamba imeitikiwa na kufukuzwa. Yetu ilikaa kimya muda mrefu.

Basi tukatazama anwani. Kila kifaa kwenye mtandao kina anwani ya IP, na katika ofisi nyingi anwani hizo hugawiwa na ruta, ambayo leo inaweza kuipa kompyuta 192.168.1.20 na mwezi ujao ikaipa 192.168.1.34. Kitabu cha anwani cha mashine kilikuwa bado na anwani ya kompyuta ya zamani ya katibu. Kompyuta hiyo ilitumia Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa kupewa marekebisho ya usalama ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, nasi tulikuwa tumeibadilisha wakati wa likizo kwa nyingine yenye Windows 11. Hakuna aliyekumbuka kuiarifu skana. Tuliandika anwani mpya, na fundi akaiagiza ruta iiwekee kompyuta hiyo anwani moja isiyobadilika. Bila hatua hiyo ya pili, tungerudi pale pale umeme utakapokatika na ruta kuanza kugawa upya. Kuna pia wanaotumia jina la kompyuta badala ya namba. Hilo ni jema pale mtandao unapoyafahamu majina, lakini mashine za umri wa yetu mara nyingi hazifaulu kuyatafsiri.

Tulijaribu tena. Kosa likaja, ila safari hii lilikuja upesi. Katibu alikata tamaa, fundi alifurahi. Kosa likibadilika, alisema, ujue umesogea kituo kimoja mbele.

Kilichofuata kilikuwa jina na neno la siri, au nywila kama tunavyowafundisha wanafunzi. Katibu huingia kwenye kompyuta yake mpya kwa kuandika tarakimu chache, na tarakimu hizo ndizo alizoziingiza kwenye mashine. Ifahamike kwamba tarakimu hizo hufungua kompyuta ile tu, kwa mtu aliyeketi mbele yake. Hazitambuliwi kupitia mtandao. Skana huhitaji nywila kamili ya akaunti. Na hata nywila hiyo tusingependa kuiweka ndani ya mashine inayoguswa na kila mtu, tena ambayo katibu anaweza kuibadilisha siku yoyote na kusahau. Fundi alifungua akaunti nyingine ndani ya kompyuta, akaiita "skana", akaipa nywila ndefu ya herufi na tarakimu tupu (kwa kuwa baadhi ya mashine huchanganyikiwa zikikutana na alama za ajabu), kisha akairuhusu iandike katika folda moja peke yake.

Kuhusu ruhusa, pana mtego ambao tumeona unawanasa watu wengi. Folda inayoshirikiwa katika Windows ina milango miwili. Upo mlango wa kushirikiwa, unaosema nani anaweza kuifikia kupitia mtandao, na upo mlango wa folda yenyewe kwenye diski, unaosema nani anaweza kusoma au kuandika. Anayetoka kwenye mtandao hupita yote miwili, na ule ulio mkali zaidi ndio unaoamua. Ukifungua mmoja na kuusahau mwingine, mgeni atabaki nje. Kadhalika, kompyuta mpya inapounganishwa mara ya kwanza huweza kuuhesabu mtandao wa ofisi kuwa mtandao wa hadhara, kama ule wa hoteli au uwanja wa ndege, na fayawoli, yaani yule mlinzi anayeamua nani apite, hufunga ushirikishaji wa mafaili. Ya katibu ilikuwa imefanya hivyo. Kuubadilisha uwe mtandao wa faragha ni suala la kubonyeza mara mbili tatu.

Sasa fundi alichukua kompyuta yake ya mkononi, akaandika katika sehemu ya anwani \\192.168.1.34\Skani, akaingia kwa jina la "skana" na ile nywila ndefu, akaunda faili ndogo ndani ya folda na kuifuta. Jaribio hili tunalipendekeza kuliko mengine yote. Linaigawa kazi katikati: likishindwa, tatizo liko kwenye kompyuta inayopokea au kwenye mtandao, likifaulu, geukia mashine. Lilifaulu. Tukarudi kwenye mashine, tukabonyeza, ikakataa.

Hapo tulifika kwenye kituo ambacho sisi walimu wa lugha hatukutarajia kukikuta ndani ya mashine. Mazungumzo kati ya skana na folda hufanywa kwa itifaki iitwayo SMB, ambayo chanzo chake ni kazi ya kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Itifaki hiyo imepitia matoleo: la kwanza, la pili lililokuja na Windows Vista, na la tatu lililokuja na Windows 8 mwaka 2012. Wahandisi wenyewe huyaita matoleo hayo lahaja, wala si sisi tuliolichomeka neno hilo. Kifaa kinachobisha hodi hutanguliza orodha ya lahaja kinazozifahamu, na kinachopokea huchagua mojawapo. Zisipolingana, mazungumzo huishia kwenye salamu, hata kama jina, nywila na anwani vyote ni sahihi.

Mashine yetu ilijua lahaja ya kwanza tu. Kompyuta ya mkononi ya fundi ilifaulu kwa sababu ilizungumza ya tatu. Nayo Windows, tangu toleo la 1709 la Windows 10 lililotoka Oktoba 2017, haiweki tena sehemu ya kupokea wageni wa lahaja ya kwanza, isipokuwa mtu aiongeze kwa mkono. Kompyuta ya zamani ya katibu ilikuwa imeongezewa, bila shaka na fundi fulani aliyetaka kumaliza kazi yake haraka, na sisi tukaishi na mlango huo wazi kwa miaka bila kujua.

Hapo pakazuka mjadala. Njia fupi ilikuwa kuiwasha lahaja ya kwanza katika kompyuta mpya: dakika tano, kuzima na kuwasha, skripti ziende. Baadhi yetu tuliitaka njia hiyo, na hatuoni haya kusema hivyo, maana ilikuwa Jumanne jioni. Fundi alikataa hadi atueleze. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilisambaa kwa kupitia udhaifu uliokuwa katika lahaja hiyo ya kwanza. Iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Marekebisho ya udhaifu ule yalikuwa yametolewa miezi miwili kabla, Machi 2017, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimeyapata. Ni kweli kwamba Windows 11 inayo marekebisho hayo. Lakini lahaja hiyo haina kinga zilizomo katika zile zilizofuata, na kompyuta ya katibu ndiyo yenye alama za mitihani ya Idara nzima. Kuulegeza mlango huo kwa ajili ya skripti arobaini, na kisha kuusahau kama ulivyosahauliwa ule wa zamani, tuliona si sawa.

Tukaamua kuchukua njia ndefu, na kwa wiki ile kutumia njia ya mguu. Mashine nyingi zina tundu la kuchomeka flashi. Katibu aliskani skripti zote Jumatano kwenye flashi moja mpya iliyokaa kwa mratibu wa mitihani, akazihamishia kwenye kompyuta, na flashi ikafutwa mbele ya mratibu. Tunasisitiza flashi moja, kwa sababu skripti ni siri, na flashi zetu walimu huzunguka kuanzia duka la kuchapa hadi kwa watoto nyumbani. Mtahini alizipata Alhamisi usiku.

Dawa yenyewe ilikuja wiki iliyofuata. Fundi wa kampuni inayoihudumia mashine alileta programu-endeshi mpya ya ndani ya mashine, ambayo iliiongezea lahaja ya pili na ya tatu. Hata hivyo palibaki kikwazo kimoja, nacho tunakitaja kwa wale wenye kompyuta mpya kabisa. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, kompyuta za aina ya Pro, Enterprise na Education hudai kila ujumbe wa SMB uwe umetiwa sahihi ya kidijitali, na hukataa mashine isiyotia sahihi. Kwetu ilitosha kuwasha kipengele hicho katika mipangilio ya skana. Pale ambapo mashine haina uwezo huo wala haiwezi kuongezewa, ni afadhali kubaki na flashi, au kuskani kupitia programu iliyo ndani ya kompyuta, ambapo kompyuta ndiyo inayoifuata skana na si skana kuifuata kompyuta.

Kuna mengine madogo. Kompyuta iliyolala haipokei mgeni, kwa hiyo iwekwe isilale saa za kazi. Diski iliyojaa hukataa kama nywila mbaya inavyokataa. Saa ya mashine ikiwa nyuma kwa muda mrefu, kama inavyotokea baada ya kukosa umeme siku nyingi, utambulisho unaweza kukataliwa. Na walimu wenzetu wanaopenda kuliita faili kwa namba ya kozi wakumbuke kwamba Windows haikubali mkwaju katika jina la faili: "KIS 2101/2" itakwama, "KIS 2101-2" itapita. Hili lilimkuta mmoja wetu siku ile ile mashine ilipopona, na kwa nusu saa tulidhani tumerudi mwanzo.

Juu ya mashine sasa pamebandikwa karatasi yenye anwani ya kompyuta, jina la akaunti (si nywila), tarehe ya mabadiliko ya mwisho na namba ya simu ya ofisi ya fundi. Anayebadilisha kompyuta ya katibu anatakiwa kuisahihisha karatasi hiyo kabla ya kuondoka.