SSH: Njia salama ya kufikia seva ya ofisi ukiwa mbali

MNAMO 1995, wadukuzi walinasa nywila katika mtandao wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, Ufini. Tukio hilo lilimsukuma mtafiti Tatu Ylönen kubuni SSH, programu ya kuamrisha tarakilishi ya mbali kupitia mawasiliano yaliyofumbwa.

SSH huweza pia kubeba mawasiliano ya programu nyingine. Tuseme rekodi za ofisi husomwa kwa kivinjari kupitia lango la 80 la seva, nalo limefungiwa watu wa nje. Mfanyakazi aliye nyumbani, mwenye ruhusa, huandika amri hii:

ssh -L 8080:localhost:80 juma@seva

Juma ni jina lake la kuingilia. Nambari 8080 ni lango kwenye tarakilishi yake. "Localhost:80" ni lango la seva yenyewe. Kisha hufungua http://localhost:8080 katika kivinjari. Anayechungulia njiani haambulii kitu.

Hata hivyo, tahadhari. Kwa kawaida lango la 8080 hutumika ndani ya tarakilishi hiyo pekee. Ukiongeza -g, tarakilishi jirani zaweza kulitumia pia. Ukifanya hivyo katika mtandao wa mkahawa, utakuwa umewafungulia wageni mlango wa ofisi.