Pesa za Mwaka wa Kwanza: Maneno ya Baraza na Ukweli Wake

KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, ikishatangaza nafasi, kila baraza la Mombasa kuanzia Mtongwe hadi Mishomoroni hupata bingwa wake wa mambo ya karo. Tuyapime wanayoyasema.

"Mtoto akishapangiwa chuo, pesa zinakuja zenyewe."
Uongo, na ndio unaoumiza wengi. Tangu mfumo mpya wa kugharamia masomo ya chuo uzinduliwe Mei 2023, nafasi ni jambo moja na pesa ni jingine. Ni lazima mwanafunzi aombe kwenye HEF, tovuti ya serikali ya maombi ya ufadhili na mikopo. Asipoomba, bili yote ni ya nyumbani.

"Maskini anasomeshwa bure."
Si kweli. Kwa ngazi tano, yaani bendi, zilizotumika 2024, hata aliyekuwa bendi ya kwanza, ya maskini zaidi, familia yake ilitoa asilimia 5. Ufadhili ulikuwa 70 na mkopo 25. Kozi ilipokuwa ya shilingi 200,000 kwa mwaka, nyumbani walitafuta 10,000. Bendi ya tano mzazi alibeba asilimia 40, yaani 80,000 kwa kozi hiyo hiyo.

"Jaza chochote, hakuna anayesoma."
Uongo mtupu. Bendi hutokana na majibu yako: kazi na kipato cha wazazi, ukubwa wa familia, ulemavu, mahali unakotoka, kozi unayokwenda kusoma. Sasa tazama mambo yanavyokwenda kwenye saiba za Changamwe msimu wa maombi. Foleni imefika mlangoni, kijana wa kompyuta anauliza bila kugeuka, "Mzee anafanya wapi?" "Bandarini." Anaandika mwajiriwa, anasonga mbele. Kumbe mzee ni kibarua: wiki hii ameitwa, wiki ijayo hajaitwa. Neno hilo moja laweza kumpandisha mtoto bendi, na tofauti yake ni maelfu ya shilingi kila mwaka. Mlipe huyo kijana kwa intaneti na kuchapisha, lakini majibu yawe yako. Na yatima apakie cheti cha kifo cha mzazi. Kusema tu hakutoshi.

"Mkopo wa HELB ni pesa za serikali, haulipwi."
Mkopo huo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu unalipwa, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, kuanzia mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Anayekwepa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wengi husahau kwamba hata pesa za kujikimu, 40,000 hadi 60,000 kwa mwaka kulingana na bendi za 2024, ni mkopo. Wa Likoni anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), Tudor, feri anavuka bure kwa miguu, lakini matatu na chakula cha mchana anavilipia kwa deni. Kisichorudishwa ni ufadhili peke yake.

"Hata chuo cha binafsi unapata ufadhili."
Hapana. Huko ni mkopo tu.

"Mahakama ilishaufuta mfumo huo."
Nusu kweli. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba unakiuka katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, mfumo ukaendelea. Aliyekaa kungoja majaji ndiye aliyeachwa.

"Stadi za mawasiliano ni somo la kujaza ratiba."
Uongo wa wanafunzi wenyewe. Somo hilo la mwaka wa kwanza limo ndani ya gharama ya kozi, kwa hiyo serikali imelilipia na wewe unalikopea. Hapo ndipo mtu hufundishwa kuandika ripoti na kutaja vyanzo. Ukilidharau utalifanyia sapu, yaani mtihani wa kurudia, na usipolipita huhitimu.

Bendi uliyopewa ikiwa hailingani na hali ya kwenu, kata rufaa kwenye tovuti ile ile ya HEF dirisha la rufaa likiwa wazi, ukiwa na stakabadhi zako. Usiende kulalamika barazani.