Jina lina herufi tano, mbona linataka baiti nane?

Chukua jina Ngũgĩ, liweke kwenye programu yako ya C, kisha ulitoe upande wa pili. Likitoka zima, hongera. Likitoka Ng na takataka nyuma yake, vuta kiti tuongee.

C huweka maandishi kwa njia mbili. Ya kwanza ni wchar_t. Fikiria ploti ya bedsita: kila mpangaji anapewa chumba cha ukubwa uleule, hata kama mali yake ni godoro tu. Kwenye Linux chumba ni baiti 4, kwenye Windows 2. Njia ya pili ni kila herufi kuchukua nafasi inayohitaji. Hiyo ndiyo UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Herufi a inakula baiti 1, ũ inakula 2, emoji nyingi 4. Intaneti karibu yote inaongea UTF-8, kwa hivyo lazima uhamishe jina kutoka kwenye bedsita. Anayehamisha anaitwa wcstombs.

Sasa shida. Ukiuliza wcslen urefu wa Ngũgĩ, unaambiwa 5. Unatenga nafasi 6, moja ikiwa ya sifuri ya mwisho, unajiona mjanja. Lakini hesabu baiti: N, g na g ni 3, ũ na ĩ ni 4. Jumla 7, na sifuri 8. Ukimpa wcstombs nafasi 6, anapanga Ngũg kwa baiti 5, anaona ĩ haitoshei, anaachia hapo. Sifuri haweki! Ukichapisha, programu inaendelea kusoma kumbukumbu ya jirani hadi ikutane na sifuri yoyote.

Dawa ni kuuliza kwanza, kutenga baadaye:

setlocale(LC_ALL, "");
size_t n = wcstombs(NULL, jina, 0);
if (n == (size_t)-1) return 1;
char *s = malloc(n + 1);
if (s == NULL) return 1;
wcstombs(s, jina, n + 1);

Mstari wa kwanza usiuruke, tafadhali. Bila huo programu inaanza katika mpangilio unaoitwa "C", na kwenye Linux ũ inakataliwa mlangoni. Na usiandike n < 0 ukidhani umenasa kosa. Size_t haijui hasi, hiyo sharti haitawahi kutimia. (Haya hukuti kwa mhadhiri kila mara. Mimi chuo niliacha, nimeyapata kwa kukesha.)

Kuna msee atakwambia, "Toa tu hizo alama, i ni i." Zii. Kwa Gĩkũyũ, ĩ na i ni irabu mbili tofauti, kila moja na sauti yake. Si mapambo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za choo akiwa gereza la Kamiti. Itakuwa aibu jina lake likatwe mkia na fomu yako ya kusajili wateja.

Ukimaliza, jaribu Mũthoni na Kĩoko. La kwanza n iwe 8, la pili 6. Ukipata 7 na 5, kuna mtu ameshatoa alama kabla jina halijakufikia. Anza kumtafuta kwenye fomu.